Jinsi ya kusoma kikombe cha fedha cha kale: anzia kitakoni, kisha uende kwenye maua

Ukiletewa kikombe cha fedha cha kale, kipindue kwanza. Maua yatakungoja. Wengi wanaoingia dukani kwangu hapa Lindi hukiweka kikombe mezani kikiwa kimesimama, wananionyesha mawaridi ubavuni, halafu wananiuliza kina miaka mingapi. Mawaridi peke yake hayana jibu. Ubavu wa chombo huguswa kila watu wanapochoka mtindo na kutaka mwingine. Kitako hakuna anayekihangaikia, ndiyo maana hukuta kimebaki na ushahidi wake.

Mimi ni sonara, binti wa sonara. Baba alifua furungu na bangili za fedha wakati wanawake wa pwani walipozitaka, kisha akawayeyushia wanawake hao hao furungu zao walipoanza kutaka dhahabu, hata iwe nyembamba kama ganda la kitunguu. Kwa hiyo habari ya watu kubadili pambo sikuihadithiwa, nimekua nayo. Vyombo vya kunywea vya kigeni navyo vinatufikia, tena vingi kuliko unavyodhani. Wamisionari wa Kiingereza walifika Masasi mwaka 1876, Wabenediktini wa Kijerumani wakaanza Ndanda mwaka 1906. Mwaka 1947 ukaja ule Mpango wa Karanga wa Waingereza, Nachingwea ikajaa mabwana na masanduku yao, na kufikia 1951 mpango ulikuwa umeshakufa. Watu wakiondoka kwa haraka huacha vitu, au humpa mpishi. Usiwasahau na wafanyabiashara wa Kihindi wenye asili ya Kutch, ambao walikuwa na maduka Lindi na Mikindani zamani sana.

Je, ni fedha kweli?

Sumaku haitoshi. Fedha haivutwi na sumaku, lakini shaba nayo haivutwi, kwa hiyo sumaku itakukamatia chuma tu. Kuchubua na kudondoshea tindikali ni kazi ya fundi, tena mimi mwenyewe kwenye chombo cha kale siipendi, kwa sababu doa linabaki. Tumia maji.

Tafuta mizani ya dijitali, ile ya kupimia viungo inafaa. Pima kikombe kikiwa kikavu, andika uzito. Kisha weka bakuli la maji juu ya mizani na urudishe namba kwenye sifuri. Funga kikombe kwa uzi, kizamishe chote kwa kukilaza ili hewa itoke, kining'inie bila kugusa chini wala pembeni. Mizani itaonyesha gramu kadhaa. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Tuseme kikavu kina gramu 312 na majini mizani ikasoma 30: jibu ni 10.4. Hiyo ni fedha ya 925, maana yake katika sehemu elfu moja, 925 ni fedha na zilizobaki kwa kawaida ni shaba. Ukipata 8.7 au 8.9, unashika shaba, au ule mchanganyiko mweupe wa shaba, nikeli na zinki ambao hauna fedha hata chembe.

Kuna mtego mmoja. Mipini mingi ya vikombe vikubwa ina uwazi ndani, na hewa iliyofungiwa humo itashusha jibu lako. Ukipata 9.6 kwenye kikombe chenye mpini mnene, usikimbilie kumwambia mwenye mali kwamba kadanganywa. Tazama mpini kwa karibu: fundi mzuri aliacha kitobo kidogo, aghalabu upande wa ndani au chini, hewa ya moto ipate kutoka wakati wa kulehemu. Ukikiona kitobo, ujue mpini ni mtupu. Na ukishauzamisha, utasimamisha kikombe usiku kucha kitobo kikiangalia chini ili maji yatoke.

Vya kuchovya, yaani vyenye utando wa fedha juu tu, vinajulikana pia kwa macho. Kagua sehemu zinazoshikwashikwa: ukingo wa mdomo, mgongo wa mpini, nundu za maua. Kwenye vyombo vya zamani vya Sheffield, mji wa Uingereza, ambapo bamba la fedha liligandishwa juu ya shaba kwa moto (ufundi ulioanza miaka ya 1740), utaona wekundu ukichungulia. Baada ya mwaka 1840 kampuni ya Elkington ilipochukua hataza ya kuchovya kwa umeme, kila mtu akachovya, na chini mara nyingi utakuta herufi EPNS (kifupi cha Kiingereza cha nikeli iliyochovywa fedha kwa umeme), kila moja ndani ya kijisanduku chake, zimepangwa makusudi zifanane na chapa za fedha halisi. Wengi wameingizwa mjini kwa herufi hizo nne.

Chapa

Chukua lensi ya mkononi na tochi ya simu, mulika kwa ubavu badala ya juu. Vikombe vya Uingereza ndivyo vinavyosomeka vizuri kuliko vyote, maana tangu mwaka 1300 sheria yao iliagiza fedha ikaguliwe na kupigwa kichwa cha chui. Mwaka 1544 akaongezwa simba anayetembea. Simba ndiye dhamana ya 925. Chui ni wa London; nanga ni Birmingham na taji lilikuwa la Sheffield hadi 1974, miji yote miwili ilipata ruhusa mwaka 1773. Herufi mbili zilizokaa pamoja ni za fundi. Herufi moja peke yake ni mwaka: London walizungusha herufi ishirini, mzunguko ukiisha wanabadili mwandiko na umbo la ngao, kwa hiyo herufi bila mwandiko wake haina maana. Jedwali za herufi hizi zinapatikana bure mtandaoni.

Hata bila jedwali, kuna vitu vitatu vya kukusaidia haraka. Simba wa London akikutazama usoni, na chui akiwa amevaa taji, chombo ni cha kabla ya 1821. Baada ya hapo simba anatazama mbele yake na chui hana taji. Kichwa cha mfalme au malkia kikiwepo, kwa kawaida ni kati ya 1784 na 1890, kilikuwa risiti ya kodi. Na ukimkosa simba anayetembea ukaona mwanamke ameketi, hiyo ni fedha safi zaidi, 958, iliyolazimishwa kuanzia 1697 hadi 1720 kwa sababu mafundi walikuwa wakiyeyusha sarafu za serikali kufanyia vyombo. Baada ya 1720 iliruhusiwa kwa anayetaka, kwa hiyo soma na herufi ya mwaka.

Vya Wajerumani ni rahisi: kuanzia 1888 utakuta mwezi mwandamo, taji, na namba, mara nyingi 800. Vya Kutch vingi havina chapa yoyote. Ukikuta OM, shika kiti kwanza, maana hizo ni herufi za Oomersi Mawji, fundi wa Bhuj, mji wa huko Kutch, aliyefanya kazi ya ikulu ya mtawala wa Kutch.

Sasa maua

Hapa ndipo penye raha, na hapa ndipo watu wanapopotea. Pambo nalo lina tarehe yake. Lazima uisome, halafu uipambanishe na tarehe ya chapa.

Waingereza walipomrudisha mfalme wao mwaka 1660, walikuwa na kiu ya mapambo baada ya miaka ya vita ambayo fedha nyingi iliyeyushwa kulipia askari. Makombe yenye mfuniko ya wakati huo utayakuta na tulipu kubwa kubwa za Kiholanzi, zimefumuliwa kwa nyundo kutoka ndani kwenye bamba jembamba. Miaka ya 1680 wakahamia kwa Wachina: ndege wenye mikia mirefu, watu wenye kofia za ajabu, wamechorwa na mafundi ambao China hawakuifika. Kisha mwaka 1685 mfalme wa Ufaransa akawafukuzia Waprotestanti wake raha ya kuishi, na mafundi wao wakahamia London na mkono mzito zaidi: fedha nene, ukingo wa mafundo ya kukunjwa, mbavu zilizonyooka. Wakati wa Malkia Anne, 1702 hadi 1714, vyombo vingi viliachwa vitupu kabisa, umbo lenyewe na mwanga juu yake basi. Ukiniuliza, hapo ndipo fedha ilipopendeza kuliko wakati wowote, lakini mimi ni mtu wa kufua, naona kazi ya nyundo kabla ya kazi ya patasi.

Miaka ya 1730 wakachoka utupu. Zikaja kombe za baharini, mawimbi, mikunjo isiyolingana upande huu na huu. Fundi Paul de Lamerie ndiye jina kubwa hapo. Halafu Italia wakafukua miji ya Herculaneum na Pompeii, na kufikia miaka ya 1770 kila mtu London anataka kitu cha Kirumi: mashada ya majani yaliyoning'inizwa, ukingo wa shanga, nakshi ya mkato wa pembe unaomeremeta ukigeuza chombo kwenye mwanga. Ukikutana na herufi HB za mwandiko wa mkono katika mtindo huu, huyo ni Hester Bateman, mjane aliyeirithi karakana ya mumewe na kusajili chapa yake mwenyewe mwaka 1761. Nina sababu zangu za kumpenda.

Baada ya hapo ni uzito: zabibu na vichwa vya simba vya miaka ya 1810 na 1820. Kisha enzi ya Malkia Viktoria, ambapo hakuna mahali patupu palipoachwa. Mwishoni mwa karne ya 19 wakatokea waliokinai mashine, kama chama cha mafundi alichoanzisha Mwingereza Ashbee mwaka 1888, wakaacha alama za nyundo zionekane makusudi. Baba yangu angecheka: miaka yote anafundishwa kuzifuta!

Vya Kutch vina njia yake. Majani yaliyojikunja yamesongamana ubavu mzima, na ukitulia utaona mnyama kajificha humo, tembo au swala, na pengine mpini ni nyoka. Fundi wa Bhuj aliichukua kazi yake ya nyumbani akaivika kwenye umbo la kikombe cha bia cha Mwingereza. Usimtafutie tarehe kwa orodha ya London.

Kuna na vifuu. Ndiyo, vifuu vya nazi, hivi tunavyofanyia kata na upawa. Ulaya, ambako mnazi hauoti, tangu zama za kati walivichukua kama kito, wakavichonga na kuvivika mdomo na mguu wa fedha, wakanywea mvinyo. Mwisho wa karne ya 18 vikapendwa tena, safari hii kwa mguu mwembamba usio na mbwembwe. Ukiletewa kimoja usiseme ni takataka ya jikoni.

Chapa na maua vikigombana

Kijana mmoja kutoka Nachingwea aliniletea kikombe cha babu yake, aliyekuwa mpishi wa Mwingereza wa Karanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba."

"Hiki cha babu. Huko Dar wameniambia ni cha enzi ya Viktoria, kwa maua haya. Mwingine akasema cha zamani zaidi. Nani muongo?"

Kikombe kina tumbo la chini nene, mguu uliotandazwa, mpini wa mikunjo miwili. Ubavu mzima ni mawaridi na majani, katikati kuna ngao tupu isiyo na jina. Nikakipindua. Simba ananitazama, chui ana taji, kichwa cha mfalme hakuna, na K ya ule mwandiko wa zamani wenye makona. Mzunguko wa mwandiko huo ni 1756 hadi 1775, na K yake ni 1765. Kando ya chapa kuna herufi tatu zimechongwa kwa pembetatu: moja juu, mbili chini. Hiyo ilikuwa desturi yao, juu jina la ukoo, chini la mume na la mke.

Kikombe cha kunywea bia cha mtu wa kati mwaka 1765 kwa kawaida kilikuwa kitupu. Mawaridi yale ni ya miaka ya 1800 iliyoendelea. Basi wote wawili wa Dar walisema kweli.

Lakini usiridhike na "kwa kawaida". Tafuta ushahidi kwenye fedha yenyewe. Nilimulika kwa ubavu karibu na ngao, nikaona mistari myembamba iliyokaribia kufutika: ndege amesimama, ana jani dogo mdomoni. Ni alama ya ukoo wa mwenye kikombe wa kwanza. Mkia wa ndege umekatwa na jani la waridi. Jani limepita juu ya mkia, mkia haukupita juu ya jani. Hapo nikampa kijana lensi akajionea mwenyewe. Nakshi iliyokatwa na ua imelitangulia ua.

Ishara nyingine za pambo lililoongezwa: chapa iliyopigwa ubavuni ikawa imetandazwa au imepitiwa na petali, mpini mtupu kabisa kwenye mwili uliojaa maua, na ubavu mwembamba kuliko kitako unapoubana kwa vidole, kwa sababu kufumua maua ni kuvuta fedha ileile iende mbali zaidi. Makombe yenye mfuniko yaliteswa kuliko vikombe. Meza za watu zilipohamia kwenye bilauri za kioo, kombe kubwa la bia likabaki halina kazi, wakalitoboa na kulibandika mdomo wa kumiminia likawa jagi la maji. Chungulia ndani ya mdomo kama huo, utaona vitobo au tundu lililokatwa. Sheria ya Uingereza ya 1844 ilitaka nyongeza ya namna hiyo ikaguliwe na kupigwa chapa yake, kwa hiyo mdomo usio na chapa yake unapunguza bei sana.

Maua ya kuongezwa nayo yanapunguza bei. Wakusanyaji wa Ulaya wanataka kikombe kilivyotoka kwa fundi. Ndiyo maana wapo watakaokushauri ukirudishe kuwa kitupu: unagonga maua mpaka yalale, unasugua, unang'arisha. Kijana wa Nachingwea aliniuliza kama nitaweza. Kuweza naweza. Nilikataa. Fedha ile ilishavutwa mara moja ikawa nyembamba, ukiigonga tena inapasuka, na ndege wa watu wa mwanzo anafutika kabisa pamoja na maua. Utabaki na kikombe laini kisicho na ushahidi wa 1765 wala wa Viktoria. Baba aliyaita mapambo ya namna hii "maua ya kuficha". Mimi nayaona ni uamuzi wa watu waliorithi kikombe cha mababu, wakaona kimepitwa na wakati, wakakipeleka kwa fundi badala ya kukiyeyusha. Wangekiyeyusha kisingefika Nachingwea.

Kusafisha na kutunza

Weusi unaoota ni salfa ya hewani inavyokutana na fedha, na huku pwani unyevu unauharakisha. Maji ya vuguvugu, sabuni laini ya kuoshea vyombo na kitambaa cha pamba vinatosha mara nyingi. Kausha hapo hapo. Jivu, mchanga, steelwool, dawa ya meno: vyote vinakwangua. Chumvi nayo iweke mbali, inatoboa fedha vijishimo visivyorudi.

Ile mbinu ya karatasi ya aluminiamu na magadi ya kuokea kwenye maji ya moto inafanya kazi, sibishi. Inaondoa weusi bila kusugua. Lakini inauondoa kila mahali, hata ndani ya mifereji ya nakshi ambako weusi ndio unaofanya maua yaonekane, na kikombe kinatoka kimepauka. Itumie kwa kijiko kitupu. Usiitumie kwa chombo chenye mpini mtupu, chenye kifuu au chenye mawe.

Ndani ya vikombe vingi, na ndani ya kalisi za kanisa, kuna rangi ya dhahabu. Ni dhahabu kweli, utando mwembamba uliowekwa kuikinga fedha na kinywaji chenye ukali. Usiisugue kabisa, futa tu. Kila ukiing'arisha unaondoa kidogo, na kuirudisha ni gharama.

Kabla ya kuhifadhi, piga picha chapa, kitako na kila upande wa maua, uandike uzito. Kifunge kwa kipande cha kanga kuukuu iliyofuliwa mpaka ikalainika, kiweke kwenye sanduku pamoja na chaki chache za kunyonya unyevu. Usikiweke stoo moja na mayai wala vitunguu, na usikifunge kwa sufu. Mpira wa kufungia noti ndio mbaya kuliko vyote, hata ukiuvika juu ya kitambaa: una salfa, na utakuchorea mstari mweusi kuzunguka kikombe ambao sabuni haiutoi. Funga kwa uzi wa pamba.